UZI: "Ardhi ya jamii" si ardhi isiyo na mwenyewe

Kila msimu wa siasa ukifika mnaisikia hii: "Hawa watu watoke msituni, ile ni ardhi ya serikali." Upande wa pili nao wanajibu: "Ni ya mababu zetu." Halafu matusi yanaanza. Tuketi kidogo, nieleze ugomvi wenyewe ulitoka wapi. Nitatumia Mlima Elgon kwa sababu nimelelewa Kitale, na kwa miaka mingi mimi pia nilikuwa wa "watoke tu, tunataka maji."

Tuanze kabla ya serikali. Miongoni mwa Ogiek, kila ukoo ulikuwa na ukanda wake wa msitu, unaopanda kutoka chini hadi juu, ili watu wafuate asali maua yanapobadilika na msimu. Ulikuwa ukijua mizinga ya nani iko wapi. Kurina ya mwenyewe ilikuwa kesi. Kwa hivyo hapakuwa na hatimiliki, lakini sheria zilikuwepo. Hizi ni vitu viwili tofauti, na mjadala wetu wote unavichanganya.

Mkoloni naye alivichanganya, tena kwa faida yake. Sheria ya ardhi ya 1915 ilifanya ardhi yote ya Waafrika kuwa mali ya Mfalme wa Uingereza. Ukibaki, unabaki kwa hisani. Kisha Tume ya Carter, 1932 hadi 1934, ikagawa mipaka ya maeneo ya makabila. Waliokaa misituni, ambao wazungu waliwaita "Dorobo", hawakupewa eneo lao. Pendekezo lilikuwa wahamishiwe kwa makabila makubwa na wamezwe huko. Yaani tatizo lao lilikuwa kwamba ni wachache na hawalimi.

Uhuru ulikuja, lakini mfumo haukubadilika sana. Ardhi kama hiyo iliitwa ardhi ya udhamini, ikashikwa na mabaraza ya kaunti ya zamani kwa niaba ya wenyeji. Kwa niaba, eti. Mwaka 2000 Chepkitale, malisho ya juu ya Ogiek wa Elgon, ikatangazwa kwenye gazeti rasmi kuwa hifadhi ya wanyama. Aliyekuwa akiishi pale akageuka mvamizi akiwa amesimama palepale.

Sasa Katiba ya 2010, na hapa ndipo wanasiasa wa pande zote hupenda kusoma nusu. Kifungu cha 62 kinasema misitu ya serikali, hifadhi za wanyama na vyanzo vya maji ni ardhi ya umma. Kifungu cha 63 kinasema ardhi ya jamii ni pamoja na ardhi ya mababu ya jamii za wawindaji na wakusanyaji. Swali: msitu uleule ukiwa chanzo cha maji NA ardhi ya mababu? Ukisikia mtu anapiga kelele kwa kifungu kimoja pekee, muulize kile kingine.

Mahakama zimeanza kujibu. Mei 2017 Mahakama ya Afrika kule Arusha iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki za Ogiek wa Mau, na ikasema utunzaji wa msitu haukutosha kuwa sababu ya kuwafurusha. Juni 2022 ikaagiza fidia. Septemba 2022 mahakama ya Bungoma ikawapa ushindi Ogiek wa Chepkitale. Lakini Novemba 2023 familia za Ogiek zilifurushwa Sasimwani, Narok. Hukumu unayo mkononi, nyumba imeshabomolewa.

Na maji yangu ya Kitale je? Hofu hiyo ni ya kweli, siwezi kuidharau. Ila kilichonibadilisha ni kujua kwamba Chepkitale wenyewe waliandika sheria zao, na kuchoma makaa ni marufuku.

Jambo la mwisho, hili halitajwi mikutanoni. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, jamii iliyosajiliwa haiwezi kuuza ardhi bila theluthi mbili ya wanachama wake wazima kukubali. Isiyosajiliwa inashikwa na serikali ya kaunti. Kwa hivyo mgombea akiahidi "kuwarudishia ardhi", muulize swali moja: ameshasukuma usajili wa jamii ngapi?

Kesho tukijaliwa, hewa ya kaboni na nani anatia sahihi.