Jumapili za Profesa Cole

Wajukuu, shikeni kalamu. Andikeni 2, izidisheni kwa 2, jibu lizidisheni tena kwa 2, hadi mbili zilizozidishwa zifike 67. Kisha toeni 1. Asiyekosea atapata hii:

147,573,952,589,676,412,927

Tarakimu 21. Hata kuisoma kunataka pumzi! Je, ni namba tasa, isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe, au kuna namba ndogo zilizojificha ndani yake?

Mtawa mmoja wa Ufaransa, Marin Mersenne, alizipenda sana namba za aina hii: 2 kwa kipeo fulani, toa 1. Kipeo 3 kinatoa 7, kipeo 5 kinatoa 31, kipeo 7 kinatoa 127, na zote ni tasa. Ukifika 11 mambo yanaharibika, maana 2,047 ni 23 mara 89. Mwaka 1644 Mersenne alichapisha orodha ya vipeo alivyoamini vinazaa namba tasa, na 67 ikiwemo. Alikosea, lakini kumbishia kulitaka hesabu nyingi mno za mkono.

Ikapita zaidi ya miaka 200. Mwaka 1876 Mfaransa mwingine, Édouard Lucas, akaonyesha kwamba namba yetu si tasa. Ajabu ni kwamba hakutaja hata kigawo kimoja! Alikuwa amebuni njia ya kuipima namba bila kuigawa. Ukitikisa nazi sikioni unajua ina maji kabla hujaivunja. Basi ndivyo Lucas alivyojua.

Aliyeivunja ni Frank Nelson Cole, profesa wa Marekani. Oktoba 1903 wanahisabati walikutana New York, naye zamu yake ilipofika, kwa masimulizi ya mwanahisabati E. T. Bell, alikwenda ubaoni bila kutamka neno. Akakokotoa 2 kwa kipeo 67, akatoa 1. Akahamia upande mtupu wa ubao, akaandika 193,707,721 mara 761,838,257,287, akazidisha mstari kwa mstari. Majibu yakalingana. Akarudi kuketi, bado kimya, na ukumbi ukampigia makofi. Baadaye Bell alimuuliza ilimchukua muda gani. Jumapili za miaka mitatu, akajibu.

Mimi makofi hayanishangazi kama hizo Jumapili. Kujaribu namba tasa moja moja kungeweza kumfikisha karibu bilioni 12, kwa kuwa hapo ndipo kilipo kipeuo cha pili cha namba hii. Bahati nzuri kuna kichujio: kigawo chake chochote tasa, ukikipunguza 1, lazima kigawanyike kwa 134, yaani 67 mara 2. Jaribuni kwa 193,707,721. Toeni 1, gawanyeni kwa 134: mnapata 1,445,580, bila baki. Cole alikuwa na vichujio vingine vikali zaidi, na bado kazi ikamla miaka.

Nyinyi kumkagua Cole hakuwachukui hata dakika tano. Jumlisheni tarakimu za kigawo cha kwanza: 37, halafu 3 na 7 ni 10, halafu 1. Cha pili: 64, kisha 10, kisha 1. Moja mara moja ni moja, kwa hiyo namba kubwa nayo lazima iishie 1. Tarakimu zake zinatoa 109, kisha 10, kisha 1. Sawa! (Njia hii hunasa makosa tu, si uthibitisho. Anayetaka uthibitisho azidishe yote.)

Tofauti hiyo, kwamba kuzidisha ni rahisi na kurudi nyuma ni kazi ngumu, iliwapa wataalamu watatu, Rivest, Shamir na Adleman, wazo la kufuli la kulinda siri. Hiyo ilikuwa 1977. Kufuli lao hutumika kwenye intaneti hadi leo. Namba ya Cole kompyuta ya kawaida huipasua mara moja, kwa hiyo wafunga siri huchukua namba tasa mbili kubwa mno, wakazizidisha, na mara nyingi zao lake huwa na tarakimu 617.