Piano Isiyo na Mbao: Maikrofoni Ikae Wapi?

Mimi ni mhandisi, si mwanamuziki, kwa hiyo mwanakwaya atakayeona nimekosea maneno ya fani yake anivumilie. Mhariri ameniomba nieleze tulichofanya mwaka jana kwa ajili ya msiba wa Musoma, maana wengi wananiuliza, "Ile piano mliipata wapi?" Jibu fupi ni kwamba hapakuwa na piano. Jibu refu ndilo hili.

Kisa chenyewe

Dada mmoja wa kwaya yetu alifiwa na baba yake. Kwenda nyumbani hakuweza. Karatasi zake zilikuwa bado zinashughulikiwa, na ukitoka Marekani katika hali hiyo huenda usirudi. Wengi wetu tunaijua, sina haja ya kueleza. Mazishi yalikuwa baada ya siku nne. Akasema, "Kama mimi siendi, basi sauti yangu iende."

Tukaazima kanisa moja hapa Silver Spring kwa jioni moja tu. Jengo lina sauti nzuri, lakini piano halina. Mpiga kinanda wetu akaja na kibodi ya kuunganisha kwenye kompyuta. Kiongozi wa kwaya alimsikiliza kwa hedifoni, sikio moja tu, ili piano isiingie kwenye maikrofoni za waimbaji. Kazi ya kuchanganya ikabaki kwangu, usiku, chumbani.

Piano ya kompyuta ni kitu gani?

Ziko za aina mbili. Ya kwanza ni ya sampuli. Watu walikaa na piano halisi ukumbini wakarekodi vitufe vyote 88, kila kimoja kwa nguvu mbalimbali, huku maikrofoni zikiwa zimewekwa sehemu kadhaa: ndani ya kifuniko, mita mbili mbele, na mbali kule kwenye viti. Wewe ukibonyeza kitufe, kompyuta inacheza rekodi ile, na unachagua ni maikrofoni za wapi uzisikie.

Aina ya pili haina rekodi ndani yake. Kompyuta inakokotoa jinsi nyundo inavyogonga waya na ubao unavyotetemeka. Mfano unaojulikana ni Pianoteq ya kampuni ya Modartt ya Ufaransa, iliyotoka mwaka 2006. Katika matoleo yake makubwa unaweza kuzisogeza maikrofoni kwenye skrini kama unavyosogeza kete za bao.

Kwa hiyo aina zote mbili zinakuuliza swali moja: maikrofoni ikae wapi? Na hapo ndipo wengi tunapokwama.

Sauti inafikaje sikioni?

Sauti hewani huenda kama mita 343 kwa sekunde, yaani mita moja kwa karibu milisekunde 3. Ukikaa mita 15 kutoka jukwaani, sauti ya moja kwa moja inakufikia baada ya milisekunde 44. Nyuma yake yanakuja marudio ya mwanzo, yaliyogonga ukuta au dari mara moja. Mwisho unakuja mwangwi mrefu, ambao ni maelfu ya marudio yaliyochanganyika hadi hujui lipi limetoka wapi.

Profesa Wallace Sabine wa Harvard ndiye aliyeanza kuyapima mambo haya mwaka 1895, baada ya kuombwa atengeneze chumba cha mihadhara ambacho maneno hayakusikika vizuri. Aligundua kwamba urefu wa mwangwi unategemea mambo mawili: ukubwa wa chumba, na vitu vinavyomeza sauti ndani yake, kama mapazia, mito ya viti na miili ya watu. Jumba la Strathmore hapa North Bethesda, lililofunguliwa mwaka 2005, limejengwa kwa elimu hiyo. Lina mapazia ya kuongeza au kupunguza mwangwi kulingana na muziki wa siku hiyo.

Sasa, jambo kubwa. Ukiondoka kwenye piano, sauti ya moja kwa moja hupungua desibeli 6 kila umbali unapoongezeka mara mbili. Mwangwi haupungui hivyo, unajaa chumba kizima karibu kwa usawa. Basi kuna mahali ambapo viwili hivi vinalingana. Wahandisi tuna kanuni yake: chukua ujazo wa chumba kwa mita za ujazo, gawanya kwa sekunde za mwangwi, tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa 0.057. Kanisa letu lilikuwa na kama mita za ujazo 1,680 na mwangwi wa sekunde 1.4. Jibu ni mita 2 tu! Hata ukumbi mkubwa wa mita za ujazo 20,000 wenye mwangwi wa sekunde 2 unakupa mita 5.7.

Kumbe basi mtu aliyekaa kiti cha katikati anasikia mwangwi mwingi kuliko piano yenyewe, na bado anafurahia. Kwa nini? Kwa sababu ana masikio mawili na ubongo unaojua sauti imetoka upande gani, na macho yanamsaidia. Maikrofoni haina ubongo. Iweke kwenye kiti kizuri cha ukumbi, utapata matope. Ndiyo maana warekodi huitundika karibu zaidi kuliko msikilizaji anavyokaa.

Mimi mwenyewe nilikosea hapo. Kwenye jaribio la kwanza niliziweka maikrofoni mita 8 kutoka kwa waimbaji, pale ambapo mimi napenda kukaa. Maneno hayakusikika kabisa. Nikasogea hadi mita 2.5, yakasikika, na kanisa likabaki nyuma yake.

Makosa yangu ya usiku

Kurudi chumbani, nikachukua piano ya sampuli, nikafungua maikrofoni za ndani ya kifuniko kwa sababu zinang'aa, kisha nikaongeza mwangwi wa "ukumbi mkubwa" uliokuja na programu. Rafiki yangu akasikiliza akasema, "Kaka, kwaya iko kanisani, piano iko bafuni kwa Papa." Alikuwa sahihi. Nyundo zilisikika kama ziko puani, lakini mkia wa sauti ulikuwa wa jumba jingine kabisa. Zaidi ya hapo, noti nzito zilikuwa kushoto kabisa na nyembamba kulia kabisa, jinsi mpigaji anavyosikia akiwa amekaa kwenye kiti chake. Piano yenye upana wa mita moja na nusu ilikuwa imekuwa pana kuliko kanisa.

Nikajaribu kufungua maikrofoni zote, za karibu na za mbali, pamoja. Ikawa mbaya zaidi. Sababu ni hii: maikrofoni mbili zikitofautiana mita moja, sauti inafika ya pili ikiwa imechelewa karibu milisekunde 2.9. Ukizijumlisha, mawimbi ya karibu hezi 172 yanakutana kichwa kwa miguu na kupunguzana, na ya karibu hezi 515 vilevile. Hiyo 172 iko karibu kabisa na F iliyo chini ya C ya katikati, noti inayopigwa kila mara katika nyimbo za kwaya. Ndiyo maana piano inasikika kama imetobolewa.

Halafu nikakumbuka jambo ambalo lilinitoa jasho. Kule Musoma rekodi ingepigwa kwenye spika moja, uani, mbele ya watu wengi. Stereo ingeunganishwa kuwa mono. Maikrofoni zilizowekwa mbalimbali zingeanza kufutana hukohuko makaburini.

Tulivyotatua

Kwa bahati, kanisani tulitumia mpangilio wa XY: maikrofoni mbili mahali pamoja, zimetazama pande tofauti kwa nyuzi 90. Sauti inafika zote kwa wakati mmoja, kwa hiyo ukiunganisha hakuna kinachofutika. Mpangilio wa ORTF wa Wafaransa, sentimita 17 na nyuzi 110, ni mtamu zaidi kwa hedifoni. Lakini kwa spika moja ya msibani, XY ni salama zaidi.

Bahati ya pili: kabla ya kufunga vyombo nilipasua puto pale ambapo piano ingesimama, nikarekodi. Wenzangu walicheka. Lakini mlio wa puto ni mfupi sana, na kinachofuata baada yake ni jibu la kanisa lenyewe, marudio na mwangwi wote. Programu inaweza kuchukua jibu lile na kulipitisha kwenye sauti nyingine.

Nikafunga mwangwi wote wa programu. Nikabakiza maikrofoni za karibu tu, nikapunguza upana wa piano, nikaipitisha kwenye puto. Saa tisa usiku piano ikaingia kanisani, ikasimama kando ya kwaya. Nikakagua kwa mono, kupitia spika ya simu. Haikutoboka.

Nilibakiza pia mguno wa benchi na pumzi ya waimbaji kabla ya ubeti wa kwanza. Nilikumbuka rekodi ambazo Alan Lomax alimfanyia Jelly Roll Morton kuanzia mwezi Mei 1938 katika ukumbi wa Coolidge, ndani ya Library of Congress, safari fupi ya metro kutoka hapa. Ni mono, zilichongwa kwenye santuri kwa mashine ya kubebeka, lakini unasikia mguu wa Morton ukigonga sakafu, na unajua kwamba mtu alikuwepo pale. Zitafuteni mzisikilize.

Mambo ya kukumbuka

Ukitaka piano ya kompyuta isikike kama ya ukumbini, chagua kwanza chumba kimoja na msikilizaji mmoja. Anza na jozi moja ya maikrofoni, na ya pili uiongeze kidogo kidogo ukisikiliza kama kuna noti inayopotea. Usiweke mwangwi juu ya mwangwi. Na siku zote jiulize: huyu atakayesikiliza ana spika gani?

Rekodi ilitumwa kwa WhatsApp. Baada ya mazishi, kaka yake yule dada alipiga simu. Hakuuliza habari za piano hata kidogo. Alisema mama alisimama, akamtambua binti yake katika sauti za pili, akasema, "Huyo hapo." Dada yetu alilia, nasi tukalia naye.

Kwa leo naomba niishie hapo. Mwenye swali anitafute kwenye mkutano wetu wa Ijumaa, na mwenye maputo aje nayo. Masomo mema.