MASIKIO YALIYOMO KATIKA SIMU

Wahenga walinena kuwa kuta zina masikio. Muhula uliopita, katika mjadala wa chama chetu, mwenzangu mmoja alisimama akasema, "Serikali isikilize simu zote tu! Asiye na hatia ataogopa nini?" Akapigiwa makofi ukumbi mzima. Mimi sikupiga, lakini jibu pia sikuwa nalo. Leo ninalo.

Kwanza tujue sauti hupita wapi. Unapopiga simu, sauti yako hugeuzwa kuwa tarakimu, ikafungwa kwa fumbo la hesabu na kurushwa hewani hadi kwenye mnara ulio karibu. Wengi hudhani fumbo hilo huisindikiza sauti mpaka kwa mpokeaji. La hasha! Hulinda safari ya hewani tu. Ndani ya mitambo ya kampuni fumbo hufunguliwa, na hapo maneno yako huwa kama barua isiyo na bahasha.

Hata huko hewani kuna hatari. Katika mtandao wa kizazi cha pili, mnara huidai simu kitambulisho, lakini simu haiudai mnara chochote. Ni kama askari wa langoni anayekuuliza jina, nawe hujui kama yeye ni askari kweli. Kwa hivyo mtu mwenye mnara bandia aweza kuzinasa simu zilizo karibu. Kasoro hii ilirekebishwa katika kizazi cha tatu, ila simu nyingi bado hukubali kurudi kwenye kile cha pili.

Sasa tuende Ugiriki. Mitambo ya simu katika nchi nyingi huwekewa mlango maalum ili polisi waweze kumsikiliza mshukiwa kwa idhini ya sheria. Katika mwaka wa 2004 na 2005, watu wasiojulikana waliingiza programu ya siri katika mitambo ya Vodafone ya huko, wakautumia mlango huo huo. Simu zaidi ya 100 zilisikilizwa, zikiwemo za Waziri Mkuu Kostas Karamanlis na mawaziri wake. Njama iligunduliwa Machi 2005, baada ya jumbe fupi kadhaa kukosa kufika. Kumbe mlango uliojengewa polisi hauchagui anayeingia!

Basi mwenzangu, jibu ndilo hilo. Waziri Mkuu yule hakuwa mwizi, na bado alisikilizwa. Mimi sisemi wahalifu waachwe. Polisi waende mahakamani, waeleze wanamtaka nani na kwa nini. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 31, inalinda faragha ya mawasiliano ya kila mtu, si ya wakubwa pekee.

Nasi tujilinde. Zipo programu zinazofunga ujumbe katika simu ya mtumaji na kuufungua katika simu ya mpokeaji tu. WhatsApp imefanya hivyo tangu 2016. Lakini tusijidanganye: maneno hufichika, ila nani aliwasiliana na nani, na saa ngapi, bado yaweza kujulikana.

Mjadala ukirudi, nitanyosha mkono wa kwanza.