Je, Wajua? Pijo 504, gari lililogoma kuzeeka

Je, wajua kuwa Peugeot 504, ambalo wengi Kenya hulijua kwa jina la Pijo, lilizinduliwa Ufaransa mwaka 1968, likatawazwa Gari la Mwaka la Ulaya 1969, na hatimaye yakaundwa zaidi ya milioni 3?

Sifa zake zilipimwa hapa kwetu. Lilishinda Safari Rally mwaka 1975 mikononi mwa Ove Andersson wa Sweden, na tena 1978 likiendeshwa na Jean-Pierre Nicolas wa Ufaransa. Kaka yake, 404, alikuwa ameshatwaa ushindi mara 4: 1963, 1966, 1967 na 1968. Mwaka huo wa 1968, magari 7 tu ndiyo yaliyofika mwisho!

Siri ya 504? Springi ndefu na laini zilizomeza mashimo, na injini isiyo na mafumbo. Fungua boneti: kabureta hii hapa, plagi zile pale, mkono unafika kote. Likizima njiani, fundi alitoa bisibisi na kipande cha msasa, akasugua pointi, gari likanguruma. Hakuna kompyuta ya kubembeleza.

Lile lenye safu tatu za viti lilibeba abiria wa masafa marefu kati ya miji ya Kenya kwa miaka mingi.

Ukitaka kununua la zamani, chungulia kutu chini ya sakafu kwanza. Injini hufufuka, bodi iliyooza itakufilisi.