Akuma: Mashine, Roho na Msiba

Jamani, makala hii ni kwa wale wanaoombwa ushauri na wazazi kama mimi. Kila nikiteremka Houston kwenye shughuli za watu wa kwetu, hakosekani mama wa kunivuta pembeni na kunionyesha kitabu cha mwanawe: "Mwanangu, wewe msomi, hebu niangalizie, haya si mashetani haya?" Ni mashetani, mama, sikatai. Lakini si yote ya aina moja, na kuna hadithi moja ambayo nadhani sisi tuliokuja kusoma huku inatuhusu kuliko hata hao watoto. Inaitwa D.Gray-man.

Kwa wasiofahamu, manga ni hadithi za picha za Kijapani, na husomwa kutoka kulia kwenda kushoto kama msahafu. Hii imeandikwa na kuchorwa na Katsura Hoshino, ikaanza 2004 kwenye jarida la Weekly Shonen Jump. Mambo yanatokea mwishoni mwa karne ya 19, lakini karne ya kubuni. Kijana Allen Walker, miaka 15, nywele nyeupe kama mzee, anajiunga na kundi la wapunga pepo. Hawapungi kwa ngoma wala ubani. Silaha zao zimetokana na kitu kiitwacho Innocence, kilichotawanyika duniani vipande 109, na kipande cha Allen ni mkono wake wa kushoto.

Sasa tuje kwa hao maadui, ndipo penye utamu. Neno akuma kwa Kijapani ni shetani, ibilisi. Lakini akuma wa Hoshino hakutoka kuzimu, ametengenezwa. Ni mashine! Na malighafi yake ni tatu: mashine, roho na msiba. Yupo bwana mmoja mnene, kofia ndefu, mwavuli mkononi, tabasamu la sikio hadi sikio. Mimi namwita Mwinyi wa Milenia. Huyu hafuati waovu. Hufuata waliofiwa. Anamwendea mtu anayelia kaburini, anamwonyesha kiunzi cha chuma na kumwambia: mwite umpendaye kwa jina, atarudi. Mfiwa anaita. Roho inarudi kweli, ila inanaswa ndani ya kile chuma na kuwa mtumwa wa Mwinyi. Amri ya kwanza ni kumwua yule aliyemwita na kuvaa ngozi yake. Kuanzia hapo majirani wanamwona jirani yao yuleyule akienda sokoni, kumbe ni akuma. Na kadiri anavyoua ndivyo anavyopanda daraja: wa daraja la kwanza hana utashi, wa pili ameshaanza kuwa na tabia yake.

Mswahili akisoma hapo anasema: msukule! Karibu, lakini siyo. Msukule, kama tulivyosimuliwa, huchukuliwa na mchawi, ndugu hawajui, wanazika gogo la mgomba. Hapa ni mpendwa ndiye anayefungua mlango, kwa mapenzi. Ndiyo maana neno la Kiingereza la "pepo mbaya" halitoshi, na hata letu halitoshi.

Allen mwenyewe alifanya hivyo. Mlezi wake, Mana, alipofariki, mtoto aliita. Mana akarudi ndani ya chuma, akamlaani na kumchana jicho la kushoto, na mkono wa kushoto ukainuka wenyewe ukamvunja Mana. Tangu siku ile jicho lile linaona roho zilizofungwa ndani ya akuma. Kwa hiyo anapopigana haoni adui tu, anaona mateka.

Baba yangu alifariki nikiwa muhula wa pili. Simu iliingia saa tisa usiku wa huku, saa sita mchana nyumbani. Alizikwa alasiri ileile, kabla sijajua hata nauli ni kiasi gani, na kesho yake nilikuwa maabara kama kawaida. Wengi humu mna usiku wa namna hiyo. Bwana yule wa mwavuli angetokea saa ile akaniambia nitaje jina tu, nisingeuliza masharti. Kwa hiyo nikimsoma Allen sioni mambo ya uchawi, naona mtu aliyekosa matanga.

Haya, Texas inaingiaje? Katuni ya hadithi hii ilitoka Japani kati ya 2006 na 2008, vipindi 103, na Kiingereza chake kikatengenezwa hukuhuku Dallas–Fort Worth na kampuni ya Funimation, wakati huo ikiwa Flower Mound. DVD zilianza kutoka 2009. Mwanzilishi wake wa 1994, Gen Fukunaga, alisomea uhandisi wa umeme (wenzangu mpo?). Sony waliinunua 2017, na 2022 ikaingizwa ndani ya Crunchyroll. Kazi yenyewe ni ya subira: mmoja anatafsiri, mwingine anaandika upya kila sentensi ili ilingane na mdomo unavyofunguka na kufunga, kisha mwigizaji anaingia kibandani peke yake, anasikia milio mitatu, anaanza. Japani, Allen wa mwanzo alisemwa na mwanamke, Sanae Kobayashi; Texas alipewa Todd Haberkorn.

Nadhani Kiswahili kingekaa mdomoni mwa hao wahusika vizuri kuliko Kiingereza. A-ku-ma, m-su-ku-le: silabi zetu na zao karibu zote huishia na irabu. Sisemi kusimulia juu ya filamu kama Lufufu au DJ Afro, hiyo ni sanaa nyingine. Nasema kulinganisha mdomo kwa mdomo.

Houston nao walikuwa na ADV Films, tangu 1992 hadi 2009, na waliitafsiri Chrono Crusade, vipindi 24: mtawa kijana anapambana na mashetani Marekani ya miaka ya 1920, na kila mwenzake akitumia nguvu zake, umri wa binti unapungua. Nzuri, fupi, inaliza.

D.Gray-man si fupi. Katikati inachosha, vita ndani ya vita, na picha zimejaa wino. Tangu 2018 inatoka kwenye Jump SQ.Rise, jarida la kila miezi mitatu, kwa hiyo subira. Juzuu za mwanzo za Kiingereza ninazo. Anayetaka kuazima anione, ila arudishe.