Redio Inayonyamaza Mezani na Kusema Dirishani

Jioni, katika nyumba nyingi za Voi na vijiji vya jirani, redio huwashwa ili watu wa nyumbani wasikilize habari, hali ya mvua na matangazo ya misiba. Pengine sauti huanza kukwaruza, kisha hufifia, na siku ya maziko isisikike. Mwenye redio huipiga kofi ubavuni, hununua mawe mapya, na asubuhi huipeleka kwa fundi, ambaye huifungua na kuiona nzima. Nauli imekwenda, na msiba umekosewa. Ajabu ni kwamba redio hiyo hiyo ikiwekwa dirishani, hatua moja tu kutoka mezani, husema vizuri. Kosa halimo ndani yake, bali limo katika namna mawimbi yanavyokutana.

Yafaa jambo hili litazamwe kwanza majini. Ziwa Chala, karibu na Taveta, limo ndani ya shimo la volkano, na kuta zake hulikinga na upepo. Haifai mtu kuchezea maji ya huko, kwani mwaka 2002 mamba alimwua mtu humo. Karai la maji nyumbani latosha. Mtu akitumbukiza vidole viwili, akavichezesha kwa pamoja juu na chini, kila kidole hutoa mawimbi ya duara. Duara hizo hukutana na kupitana, na kila moja huendelea na safari yake kana kwamba haikukutana na kitu. Lakini pale pale zinapokutana, maji hayawezi kutii amri mbili mbalimbali. Kilele cha wimbi moja kikifika pamoja na kilele cha jingine, maji huinuka maradufu. Kilele kikikutana na bonde, wimbi moja huinua na jingine hushusha, na maji hubaki kimya. Atazamaye kwa makini ataona mistari ya maji matulivu katikati ya maji yanayotikisika. Nguvu haikupotea: ile iliyokosekana penye utulivu imekwenda kuongezwa penye mtikisiko.

Thomas Young, tabibu wa Kiingereza, aliwaeleza wataalamu wa London mwaka 1801 kwamba mwanga nao hufanya vivyo hivyo. Rangi nzuri zionekanazo juu ya mafuta ya gari yaliyomwagika katika maji ya mvua hutokana na jambo hilo: mwanga uliorudishwa na uso wa juu wa mafuta hukutana na ule uliorudishwa na uso wa chini, rangi fulani hukuzwa na nyingine hufutwa.

Sasa turudi Voi. Upande wa magharibi uko Mlima Vuria, kilele kirefu kuliko vyote vya Milima ya Taita, wenye urefu wa mita 2,208, na juu yake imesimamishwa milingoti ya kurushia matangazo. Upande wa kusini uko mlima wa Sagalla. Wimbi la redio huweza kufika nyumbani moja kwa moja kutoka Vuria. Wimbi lile lile huweza pia kuupiga mwamba wa Sagalla, likarudishwa, na kufika likiwa limezunguka njia ndefu zaidi. Hapo yapo mawimbi mawili, kama ya vile vidole viwili. Yakifika kilele kwa kilele, sauti ni safi. Yakifika kilele kwa bonde, hufutana.

Mawimbi ya FM hutikisika kadiri ya mara milioni 100 kwa sekunde, nayo husafiri kilomita 300,000 katika sekunde hiyo. Kwa hiyo urefu wa wimbi moja ni mita 3 hivi. Ndiyo sababu mahali pabaya na mahali pazuri huwa mbali kadiri ya mita moja tu. Kila stesheni ina urefu wake wa wimbi, hivyo meza iliyo mbaya kwa moja huwa njema kwa nyingine, na hiyo ndiyo dalili kwamba redio ni nzima. Hata mtu akipita karibu sauti hubadilika, maana mwili wake nao hurudisha mawimbi. Dereva anayekwenda polepole katika barabara ya Mombasa huisikia redio yake ikikatika na kurudi, kwa sababu gari linapita mahali pazuri na pabaya kwa zamu. Akisimama na redio ikanyamaza, na asogee kidogo.

Mawimbi ya masafa ya kati, ambayo wengi waliyasikiliza miaka ya 1950 na 1960, yalikuwa na tabia nyingine. Urefu wake ni mamia ya mita, wala kuhamisha meza hakusaidii kitu. Jua likichwa, tabaka la hewa lenye umeme, lililo juu zaidi ya kilomita 100, huyarudisha ardhini, yakakutana na yale yaliyosafiri chini chini. Kwa kuwa tabaka hilo halitulii, kukutana kwenyewe hubadilika kila mara: sauti hufa, hurudi, hufa tena. Msikilizaji wa wakati ule hakuwa na dawa ila kungoja dakika chache, na kuliacha redio pale lilipo.