Mwanangu, Hiyo Vepu Siyo Mvuke wa Maji

Wana wa Mtwara, tusizugane. Hela za korosho zikitoka, kitaa kinabadilika. Minada ikianza tu Oktoba, huyu anavuta boda mpya, yule anakula bata Shangani na meza nzima ya mitungi. Siku hizi kuna na wa tatu: kakaa pembeni na kidude chenye taa ya bluu, anashusha wingu zito linanukia embe, kisha anawapasia wana. Ukimuuliza, jibu analo mdomoni: "Fresh tu mwanangu, mvuke wa maji huu."

Maji gani? Kishike hicho kidude, kigeuze, usome maandishi madogo. Vepu nyingi zimeandikwa 5%. Yaani kila mililita moja ya yale mafuta ina miligramu 50 za nikotini. Kinachobaki ni propileni glaikoli, gliserini na dawa za ladha. Ndani kuna kijiwaya: ukipiga pafu kinapata moto, kinayachemsha mafuta mpaka yanakuwa ukungu, na ukungu unashuka kifuani na kila kilichomo.

Marekani walishayaona haya. Katikati ya 2019, hospitali za Wisconsin na Illinois zilianza kupokea madogo waliokuwa wazima kabisa, sasa pumzi hazipandi. Kikohozi, kifua kubana, homa, na wengine kutapika na kuharisha juu yake. Eksirei zinaonyesha mapafu yametanda weupe pande zote mbili. Madaktari wakasaka vijidudu, hola. Kilichowaunganisha wote ni vepu. Ugonjwa ukaitwa EVALI. Hadi Februari 2020 hesabu ilifika watu 2,807 waliolazwa au kufa, na kati yao 68 walishazikwa. Nusu ya wagonjwa hawakuzidi miaka 24. Rika letu hilo.

Mchawi mkubwa aliyekamatwa ni vitamini E asetati. Wauza mafuta ya bangi ya magendo walikuwa wanaichanganya ili mzigo uwe mzito. Ukiimeza au kuipaka haina noma. Ikiingia kwenye mapafu ni habari nyingine: wagonjwa 51 walipopimwa majimaji ya mapafuni, 48 walikutwa nayo. Kwa hiyo ni kweli, wengi walivuta mafuta ya ndumu ya mtaani. Ila kama 14 kati ya kila 100 walisema wao ni nikotini tu, hawajagusa kingine. Sasa nikuulize: huo mzigo ulioagiza kwa mshikaji wa Dar baada ya kuuona kwenye status, nani kaupima?

Kinachoniuma ni kwamba sisi watu wa mikorosho hatuhitaji profesa wa kutufundisha habari za kifua. Salfa tunaijua. Unaamka alfajiri kabla upepo haujaanza, unabeba mashine mgongoni, unajifunga tisheti usoni ibaki mboni tu, unapuliza unga wa njano kuzuia ubwiri unga. Ukirudi macho yanawaka, na usiku kikohozi hakikuachi. Mtu huyohuyo aliyejifunga tisheti asubuhi, jioni anavuta kwa hiari kitu asichokijua, tena anakishikilia ndani kabisa ili wingu litoke kubwa! Na madogo wa Msimbati, nyie mnaozamia kwa pumzi zenu tu, bila mtungi wa hewa, mtaji wenu ni hicho kifua. Mkiuharibu mtauongeza wapi?

Na sheria je? Yetu ya bidhaa za tumbaku ni ya 2003. Mwaka huohuo, kule China, mfamasia Hon Lik alikuwa ndiyo anaibuni sigara ya umeme ya kisasa, yaani hii vepu. Mwaka 2016 shisha ilipigwa marufuku hapa Bongo. Uganda wao, kwenye sheria yao ya 2015, waliziweka shisha na sigara za umeme kapu moja. Mimi naona walicheza vizuri, na sisi tusingoje mpaka wadi zijae.

Kuacha siyo mchezo, nikotini ya 5% inashika haraka, na sitamcheka mtu anayehangaika. Lakini kama unavuta na umeanza kukohoa, pumzi inakata ukipanda ngazi, kifua kinachoma au homa haieleweki, usijifungie geto na dawa za kuungaunga za duka la dawa. Nenda hospitali ya Ligula, na usimfiche daktari. Huku kwetu mtu akikohoa, kwanza atafikiria TB au nimonia, na ni haki yake. EVALI haina kipimo chake cha damu: inajulikana kwa kuondoa magonjwa mengine na kwa mgonjwa kusema kwamba ndani ya miezi mitatu iliyopita alivuta. Usiposema utameza antibayotiki wiki nzima na mapafu yanazidi kufura. Mwambie unavuta nini, tangu lini, ulinunua kwa nani, kama kuna ndumu ndani. Na kidude chenyewe nenda nacho, umuwekee mezani.